MBA ya uhasibu, MSc au CPA? Tuongee kabla hujalipa ada

Mizania_Dar (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Kila dirisha la udahili likifunguliwa naona swali lile lile linarudi humu, "nina digrii, nataka kusoma MBA mchepuo wa uhasibu, italipa?" na majibu yanakuja ya mstari mmoja mmoja, huyu anasema soma huyu anasema achana nayo, muulizaji anaondoka hajui hata aanzie wapi. Mi nimesoma MBA (masta ya usimamizi wa biashara) ya jioni nikiwa kazini, sa hivi nasimamia idara ya hesabu kwenye kampuni ya usafirishaji hapa Dar na tukiajiri nakaa kwenye jopo la usaili, kwa hiyo acha niandike kirefu, atakayechoka atamalizia kesho.

Jambo kubwa kuliko yote naliweka juu kabisa: MBA ya uhasibu haikufanyi kuwa mhasibu. Inamchukua mtu ambaye tayari ana kazi, ana idara, ana bajeti inayomtoa jasho, inamfundisha kusoma hesabu na kuamua kwa kuzitumia. Anayetaka kuitwa mhasibu kamili, kukagua vitabu vya watu na kuweka saini yake kwenye ripoti ya ukaguzi, njia yake ni CPA, sifa ya kitaaluma ya uhasibu, na CPA inatolewa na NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972, chuo kikuu hakiwezi kukupa hata kiwe kikubwa vipi. Inaniuma sana nikikutana na kijana kwenye usaili, mzazi kauza kiwanja kumlipia ada, ana MBA safi yenye GPA nzuri, anaulizwa CPA amefikia ngazi gani ndo anaanza kuuliza ngazi zipo ngapi.

CPA unajisomea mwenyewe au unaenda kwenye vituo vya rivyu, mitihani ya bodi ni Mei na Novemba, ukiwa na digrii ya uhasibu unaanzia ngazi ya kati, halafu inakuja ngazi ya mwisho yenye pepa za taarifa za fedha za makampuni, ukaguzi, fedha za biashara na kodi, na hapo watu wazima wanalia. Kule hawakuulizi unaonaje, wanakuuliza kiwango kinasemaje na namba yako inabalansi au haibalansi. MSc (masta ya sayansi) ya uhasibu na fedha, kama ile ya Chuo Kikuu Mzumbe ambayo wengi mnaifahamu, inakupeleka ndani zaidi kwenye taaluma yenyewe, nadharia na utafiti, inamfaa sana anayetaka baadaye kufundisha au kwenda PhD. MBA yenyewe ni pana. Utasoma masoko, rasilimali watu, uchumi wa menejimenti, takwimu, mikakati, tabia za watu makazini, halafu ndo unaingia kwenye mchepuo wako na masomo machache ya uhasibu, mwisho tasnifu. Sasa mtu aliyetoka na B.Com ya uhasibu akifika kwenye yale masomo ya mchepuo anakuta karibu nusu anayajua, analalamika "mbona narudia". Ni kweli anarudia, ila kilicholeta MBA duniani ni ule upana. Harvard walipoanzisha MBA mwaka 1908 uhasibu ulikuwa somo la lazima kwa kila mwanafunzi, hata ambaye hana mpango wa kushika leja maisha yake yote, maana meneja asiyejua hesabu anaongozwa na karani wake.

Naomba nikae kidogo kwenye uhasibu wa menejimenti, maana kwangu ndo somo lililobadilisha kazi yangu. Sisi tunapeleka mizigo Lubumbashi kupitia Tunduma, Nakonde hadi Kasumbalesa, na tuna magari mengine ya ndani yanaenda Mbeya na Mwanza. Miaka yote ofisini ilijulikana safari ya Kongo ndo yenye hela, nauli yake kubwa, dereva mwenyewe akipangiwa anafurahi. Gharama za ofisi, mishahara ya karakana, bima, zote tulikuwa tunazigawa kwa kilometa. Baada ya kusoma ukokotoaji wa gharama kwa kufuata shughuli, ule ambao Cooper na Kaplan waliueneza miaka ya 1980, nilikaa na mtu wa karakana na mtu wa nyaraka tukajiuliza kitu kimoja, ni nini hasa kinachokula hela kwenye safari? Tukaona sio kilometa. Ni siku. Gari likisimama foleni ya mpakani halitembei lakini posho ya dereva inatembea, riba ya mkopo wa gari inatembea, bima inatembea, na mteja mwingine anasubiri gari hilo hilo. Tulipogawa kwa siku badala ya kilometa picha ikageuka, kuna mizigo ya Mbeya tuliyokuwa tunaidharau ikaonekana inaingiza vizuri kwa kila siku ya gari kuliko baadhi ya mizigo ya Kongo. Hatukuacha Kongo, ila tulianza kuchaji muda wa kusubiri kwenye mikataba. CPA ingenifundisha namna ya kuziandika zile gharama sawasawa, lakini ujasiri wa kuingia kwa mkurugenzi na kumwambia bei tunayotoza haiendani na kinachotugharimu niliupata kwenye MBA, kwenye zile prezentesheni mnazokaa na mtu wa masoko na mtu wa benki mnabishana.

Kitu kingine ambacho watu hawakiangalii wakichagua chuo ni kama wanaofundisha wanaenda na viwango vya sasa. Tanzania tunatumia IFRS, viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha, tangu 2004 na hivyo viwango havikai sehemu moja. Mikopo na hasara za mikopo ilibadilika na IFRS 9 mwaka 2018, mapato na IFRS 15 mwaka huo huo, upangaji ukabadilika na IFRS 16 mwaka 2019 ambapo pango la miaka mitano la ghorofa ya ofisi linaingia kwenye mizania kama mali na kama deni, bima ikaja na IFRS 17 mwaka 2023. Na sasa kuna IFRS 18 inayoanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2027 kuchukua nafasi ya kiwango cha zamani cha IAS 1, inabadili kabisa sura ya taarifa ya mapato na matumizi, utalazimika kutenganisha ya uendeshaji, ya uwekezaji na ya kukopa, na zile namba ambazo mameneja wanapenda kuzitangaza nje ya hesabu rasmi lazima wazieleze zimetoka wapi. Anayeanza MBA sasa hivi atafanya kazi yake yote chini ya hiyo. Kwa hiyo ukienda siku ya kuulizia chuo, uliza somo la taarifa za fedha linafundisha IFRS 18 au bado. Ukiona wanakutolea desa la zamani lililopigwa fotokopi mpaka herufi zimefifia, jiongeze.

Ulizeni wakuu, na mliopita njia hizi mchangie.

---

afisa_wa_halmashauri

Mkuu asante kwa uzi huu. Mimi ni Afisa Hesabu halmashauri moja kanda ya ziwa, digrii ninayo, CPA nimegusa ngazi ya kati nikakwama pepa mbili. Wenzangu wananiambia niache CPA nisome masta maana ni rahisi kumaliza na itanipandisha. Ukweli upo wapi?

Mizania_Dar

Mkuu kwako jibu sio gumu hata kidogo. Angalia matangazo ya Ajira Portal ya sekretarieti ya ajira, Afisa Hesabu wanataka digrii, Mhasibu wanataka CPA(T), yaani CPA ya Tanzania, hiyo ndo inayotofautisha hizo kada mbili. Masta ni nzuri na kuna nafasi za juu za uongozi zinaitaka, lakini haitakuvusha kutoka Afisa Hesabu kwenda Mhasibu. Pepa mbili zimebaki, ndugu yangu, pepa mbili! Kaa chini uzimalize, nenda ngazi ya mwisho, ukishaipata CPA ndo urudi kusoma MBA ukiwa unajiandaa kuwa mkuu wa kitengo cha fedha. Kinyume chake utatoka na masta na pepa zako mbili zitakuwa zinakusubiri pale pale.

afisa_wa_halmashauri

Nimekuelewa. Moja ni ya kodi, nyingine ukaguzi.

MamaLeja

Mdogo wangu afisa, mimi nimestaafu nikiwa mkaguzi wa ndani wa taasisi ya umma, naomba nikuongezee neno. Pepa ya ukaguzi vijana wanaifeli kwa kukariri viwango bila kuona ukaguzi wenyewe, na ninyi wa halmashauri mna bahati mnakaguliwa kila mwaka. Chukua ripoti ya CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) ya serikali za mitaa, inakabidhiwa kwa Rais kabla ya mwisho wa Machi kisha inawasilishwa bungeni, ipo wazi kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi. Soma hoja moja moja, jiulize mkaguzi alitaka ushahidi gani na ofisi ilishindwa kuleta nini. Hati yenye mashaka inatoka wapi, malipo bila viambatisho yanaandikwaje, manunuzi yaliyoruka taratibu yanaonekanaje. Ukisoma ripoti za miaka mitatu hivi ukaingia kwenye pepa, maswali yatakuwa yanaongea lugha unayoijua. Na usidharau walimu wa vyuoni kwamba ni nadharia tupu, Profesa Mussa Assad alikuwa anafundisha uhasibu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kabla ya kuwa CAG mwaka 2014, na ripoti zake nchi nzima ilizisoma.

afisa_wa_halmashauri

Shikamoo mama, asante sana. Naanza na hiyo ya serikali za mitaa.

MamaLeja

Marahaba mwanangu. Pepa ya mwezi wa tano uikute umejiandaa.

---

Saruji_na_Nondo

Wadau mimi ni injinia wa ujenzi, nasimamia miradi, sijawahi kusoma uhasibu hata kidogo zaidi ya ile biashara ya form two. Kampuni inataka nipande kuwa meneja wa miradi wa kanda na bosi kashauri nisome MBA, mi nikaipenda ya uhasibu kwa sababu kwenye vikao nikiona wale wa fedha wanaongea najihisi nipo gizani. Je nitaweza au nitadisko semista ya kwanza?

Mizania_Dar

Injinia wewe ndo mtu ambaye hii kitu ilitengenezwa kwa ajili yako, kuliko hata sisi wenye B.Com. Hesabu zenyewe za uhasibu ni kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, wewe uliyepiga kalkulasi hazikutishi. Kinachowasumbua mainjinia darasani ni mantiki ya debiti na krediti, kwamba kila muamala unagusa sehemu mbili, na wanalazimisha kuikariri. Usiikariri. Kabla ya kufungua chuo chukua kitabu cha uhasibu wa awali hata cha kidato cha tano, andika miamala ya saiti yako mwenyewe, umenunua saruji kwa mkopo, umelipwa advansi na mteja, umelipa vibarua, umekodi kijiko, uandike mpaka mizania ibalansi yenyewe. Ukifanya hivyo kwa wiki chache utaingia darasani uko sawa na wengine.

Ngoja nikupe mfano wa aina ya maswali mtakayokutana nayo, namba nimezitunga. Kiwanda cha maji ya chupa kinauza katoni 10,000 kwa mwezi, kila katoni 4,000. Gharama zinazopanda na uzalishaji, yaani chupa, vifuniko, lebo, umeme wa mashine, ni 2,400 kwa katoni. Gharama ambazo zipo hata usipozalisha, pango, mishahara ya kudumu, ulinzi, ni 12,000,000 kwa mwezi. Ukigawa hiyo milioni kumi na mbili kwa katoni elfu kumi unapata 1,200, jumlisha na 2,400, katoni moja inagharimu 3,600. Faida 400 kwa katoni, milioni nne kwa mwezi. Sasa anakuja mteja ana semina kubwa, anataka katoni 2,000 kwa 3,000 kila moja. Mtu wa hesabu wa kawaida anasema hapana, gharama yetu 3,600, tunapata hasara ya 600 kila katoni. We ungesemaje?

Saruji_na_Nondo

Ningekataa. 3,000 ni chini ya 3,600.

Mizania_Dar

Wengi wanakataa. Lakini jiulize, ukiikubali hiyo oda, pango litapanda? Mlinzi ataongezwa mshahara? Hapana, ile milioni kumi na mbili ipo pale pale. Kinachoongezeka ni 2,400 mara 2,000, sawa na 4,800,000, na kinachoingia ni 6,000,000. Umebaki na 1,200,000 ambayo ukikataa huipati. Faida ya mwezi inatoka milioni nne inaenda milioni tano na laki mbili.

Ila hapo hapo ndo mwalimu mzuri anakugeuzia. Hiyo ni kweli kama mashine zina nafasi. Kama kiwanda kimeshajaa kwenye 10,000, ili umpe huyu 2,000 lazima uwanyime wateja wako wa kawaida 2,000, na kila katoni ya kawaida inakuachia 1,600 juu ya gharama zake, kwa hiyo umepoteza 3,200,000 ukaokota 1,200,000. Hasara ya milioni mbili. Swali ni lile lile, jibu limegeuka kwa sababu ya kitu ambacho hakimo kwenye vitabu vya hesabu, uwezo wa mashine, na huo anaujua mtu wa uzalishaji. Halafu anaingia mtu wa masoko anauliza, wateja wa jumla wa Kariakoo wakisikia mmeuza kwa 3,000, kesho watakubali 4,000? Ndo maana nasema MBA inataka watu wenye kazi tofauti mkae meza moja, kitabu peke yake hakikupi hiyo.

Saruji_na_Nondo

Daah. Hii ipo kwenye miradi yetu kabisa, tunakataa kazi ndogo ndogo wakati mitambo imelala yadi kisa bei haifiki "gharama kamili". Nimeshawishika, najiandikisha.

mwanajimbo_87

Injinia angalia na upande wa pili lakini. Ukiwa kila siku unakubali kazi kwa sababu "inachangia", mwisho wa mwaka hakuna kazi iliyolipia pango. Mi nimefanya kazi kampuni moja iliyokufa hivyo, kila oda ilikuwa ya kipekee, punguzo juu ya punguzo, ile milioni kumi na mbili haikupata wa kuibeba.

Mizania_Dar

Sahihi kabisa mwanajimbo, na kwenye mfano wangu namba ya kuikumbuka ni 7,500. Milioni kumi na mbili gawa kwa 1,600, ndo katoni za bei ya kawaida unazotakiwa kuuza kabla hujaanza kuona faida. Oda za bei ya chini zije juu ya hizo, zisiwe mbadala wake.

---

Noah_mpya

Mimi nitasema tofauti. Hela ya ada ya MBA pamoja na nauli, vitabu, utafiti na muda wako, ukinunua chombo ukaweka barabarani baada ya miaka miwili una kitu cha kushika mkononi. Nchi hii wenye MBA wamejaa na hawana ajira. Tuambizane ukweli.

Mizania_Dar

Nakuheshimu mkuu na kuna watu ushauri wako ni sahihi kwao. Kijana aliyemaliza digrii jana, hana kazi, hana CPA, anataka kuunganisha MBA moja kwa moja kwa sababu hajui afanye nini, huyo na mimi namwambia asubiri. Atafika darasani hana cha kuchangia, maana kila mfano wa kampuni kwake ni hadithi, na akimaliza mwajiri anamuona ana elimu kubwa na hana uzoefu, anaogopa mshahara atakaoutaka. Lakini mtu wa miaka thelathini na kitu mwenye kazi, anayeona nafasi ya juu yake inahitaji kuongoza watu na kutetea bajeti mbele ya bodi, chombo cha barabarani hakimfikishi pale. Na hata huyo mwenye vyombo, siku vikiwa vitano atahitaji kujua kipi kinamlipa na kipi kinakula vingine. Nawaona kila wiki, mtu ana faida kwenye daftari lakini hana hela ya tairi, kwa sababu wateja wanamdai... samahani, yeye ndo anawadai wateja na hawajalipa, na hajawahi kukaa akatenganisha faida na mtiririko wa fedha.

Noah_mpya

Hiyo ya faida bila hela ya tairi umenigusa mkuu, hata mimi ipo hiyo hali. Endelea na darasa.

---

Wa_Thika_Road

Salamu kutoka Nairobi. Huku kwetu mambo ni karibu sawa tu, ila majina ndio tofauti. Mitihani ya CPA iko chini ya KASNEB tangu 1969 na usajili uko chini ya ICPAK, kwa sheria ya 2008. Mtu akiwa na MBA ya accounts na hana CPA(K), kwa ofisi nyingi anaulizwa tu hiyo CPA. Nilichoona kwa darasa letu, wale walikuwa na CPA tayari walikuwa wanapata masomo ya uhasibu rahisi sana lakini wakifika kwa strategy na uongozi wanaanza kusota, juu wamezoea jibu moja sahihi. Wenye walitoka sales na operations ilikuwa kinyume. Kwa hivyo group ya kusoma ichanganye watu, usikae na wahasibu wenzako pekee.

Mizania_Dar

Umesema kweli tupu ndugu yangu wa Nairobi. Diskasheni yetu ilikuwa na nesi mkuu wa wodi, mtu wa benki na mwalimu wa sekondari, na yule nesi ndo alikuwa anatuuliza maswali magumu kuliko wote, anauliza "sasa kitanda kikikaa wazi gharama yake tunaiweka wapi?"

---

tasnifu_imenikaba

Wakuu mimi nipo mwaka wa pili, masomo nimefaulu yote bila sapu, ila tasnifu imeganda. Supavaiza kanirudishia proposo mara kadhaa. Mada yangu ni "Athari za matumizi ya mifumo ya kihasibu katika ukuaji wa biashara ndogo na za kati". Nimepanga kugawa hojaji. Nisaidieni.

Mizania_Dar

Dada (au kaka, samahani sijui) hapa ndo wengi wanapobaki, wanamaliza darasa vizuri halafu wanakaa na tasnifu mpaka muda wa usajili unaisha na ada inaongezeka. Mada yako haina dhambi ila imefanywa na watu wengi mno, na tatizo lake kubwa ni data. Utagawa hojaji Kariakoo, mwenye duka anakuangalia anadhani umetumwa na TRA, anaweka vema kwenye "nakubaliana" mstari wote ili umuachie aendelee na wateja, halafu unaingiza kwenye programu ya takwimu ya SPSS inakupa matokeo mazuri ambayo hata wewe huyaamini.

Ushauri wangu, anza na data kwanza halafu mada ije kwenye data. Tanzania kuna hesabu zipo wazi kabisa na hakuna anayezigusa vya kutosha. Makampuni yaliyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam yanatoa taarifa za mwaka zilizokaguliwa, soko lenyewe lilianza biashara mwaka 1998, kwa hiyo kuna makampuni yana historia ndefu. Mabenki yanatakiwa kutangaza hesabu zao kila robo mwaka, NMB imeorodheshwa tangu 2008 na CRDB tangu 2009. Sasa chukua swali dogo linalopimika. Mfano, IFRS 9 ilipoanza 2018 mabenki yalitakiwa kutenga fedha kwa hasara zinazotarajiwa badala ya kusubiri mkopo ufe kwanza. Je, utengaji huo umebadilikaje miaka kabla na baada, na umegusaje faida na mtaji wao? Au kampuni ya simu iliyoorodheshwa kama Vodacom Tanzania, kuanzia 2019 upangaji wa minara na majengo unaingia kwenye mizania, uwiano wa madeni ulionekanaje kabla na baada? Namba zipo, hazikukimbii, hazikuogopi, na hakuna haja ya kuzunguka juani na hojaji. Supavaiza akikuuliza umeipata wapi data unamfungulia ukurasa.

MamaLeja

Na ukipenda sekta ya umma, hoja za CAG kwa halmashauri zako chache za mkoa mmoja kwa miaka kadhaa, ngapi zimejibiwa, ngapi zinajirudia, za aina gani. Hiyo hakuna supavaiza mwenye akili atakayeikataa.

tasnifu_imenikaba

Mungu awabariki. Na mimi ni dada, hujakosea. Nimevutiwa na ya IFRS 9 ila naogopa ni ngumu kuliko nilivyosoma darasani, tulipita haraka.

Mizania_Dar

Dada yangu sio ngumu ukiisoma kwa benki moja kwanza. Fungua taarifa ya mwaka 2018 ya benki yoyote, tafuta maelezo ya mikopo kwa wateja, utaona mikopo imegawanywa hatua tatu, ya kwanza inalipwa vizuri na inatengewa hasara ya miezi 12 ijayo, ya pili ni mkopo ambao hatari yake imepanda sana tangu ulipotolewa, ya tatu ni mkopo ambao umeshaharibika, na hizo mbili za mwisho zinatengewa hasara ya maisha yote ya mkopo. Angalia tu hela ngapi ipo kila hatua na imetengewa asilimia ngapi. Halafu fungua ya 2019, 2020, mpaka sasa, panga kwenye Excel mwaka kwa mwaka. Jioni moja tu utaanza kuona ni nini cha kuandika.

Saruji_na_Nondo

Naulizia kidogo tena jamani. MBA za mtandaoni za nje, bosi wangu anaona ni nafuu na sitapoteza jioni kwenye foleni. Zinatambulika?

Mizania_Dar

Kabla ya kulipa hata shilingi andika TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) uwaulize kwa jina la chuo na jina la programu, wao ndo wanaotambua vyeti vya nje. Kuna za heshima kabisa na kuna ambazo ni tovuti nzuri tu. Pia uhasibu wa nje utakufundisha kodi ya kwao, na wewe saiti yako ina VAT ya asilimia 18, zuio la kodi kwenye malipo ya wakandarasi na risiti za EFD. Kama unaweza jioni, vyuo vya mjini vina ratiba za watu wa kazini, chukua prospektasi za vitatu vinne, linganisha masomo ya mchepuo jina kwa jina, halafu ongea na aliyemaliza mwaka jana sio aliyemaliza zamani. Ada usiangalie ya masomo tu, uliza ya mitihani, ya usimamizi wa utafiti na ya kuongeza muda ukichelewa, hiyo ya mwisho ndo inayoumiza watu.

tasnifu_imenikaba

Kaka Mizania nimeshafungua taarifa za benki mbili. Benki moja mgawanyo wa hatua tatu nimeuona, nyingine sioni, wameandika jumla tu.

Mizania_Dar

Itakuwa umefungua ule muhtasari wa kurasa chache wa magazetini. Ingia kwenye tovuti ya benki sehemu ya wawekezaji, shusha taarifa kamili ya mwaka, ni kurasa mia na kitu, nenda kwenye maelezo ya usimamizi wa hatari ya mikopo karibu na nyuma. Ukiupata weka hapa majina ya benki zote ulizochagua na miaka, tukusaidie kuangalia kama data inatosha kabla hujarudi kwa supavaiza.